Mwache Maskini Atajirike

Kila aliyewahi kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani anaijua hofu hii: wachezaji wamepata pesa nyingi mapema mno. Wahusika wao bado wachanga, wana mapanga ya kuokota na viatu vilivyotoboka, halafu kwa bahati ya dadu au kwa ujanja wao wanaangukia hazina iliyokusudiwa mashujaa waliokomaa. Mwendesha mchezo anahisi mambo yamemponyoka. Kinachomjia kichwani kwanza ni namna ya kuzirudisha pesa zile: wezi wa usiku, kodi ya mfalme, au daraja linalokatika na mizigo ikazama mtoni.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwanza Marekani kama mchezaji na baadaye Dar es Salaam kama mwendeshaji, na msimamo wangu ni kwamba pesa zile ziachwe. Mwache maskini atajirike. Kazi inayobaki ni kuhakikisha utajiri wenyewe una uzito, una mashahidi na una watu wanaoudai, na hapo wachezaji watakuletea hadithi ambayo usingeweza kuitunga peke yako.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza, mchezo ni huu. Watu wachache wanakaa pamoja, kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uhai wake. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ndiye anayeeleza dunia, anayesema kwa midomo ya wanakijiji na mazimwi, na anayeamua panapotokea ubishi. Kundi langu linamwita refa. Wachezaji wanasema wanachotaka kufanya, na penye shaka dadu inatupwa. Mzazi wa michezo hii yote ni Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kampuni iliyoichapisha, TSR, ilikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Mhusika huanza levo ya kwanza akiwa dhaifu kiasi cha kuuawa na mshale mmoja, na hupanda kadiri anavyokusanya pointi za uzoefu.

Mimi nilijifunzia hukohuko Wisconsin nikiwa mwanafunzi. Refa wetu alikuwa mtu mwema na msimulizi hodari, mwepesi wa kutoa lakini mwepesi pia wa kujuta. Tukiwa bado levo ya kwanza alitukutanisha na sanduku la vito. Tukafurahi, naye akafurahi, na kwa muda uliobaki jioni ile hatukupigana na mtu. Tulipanga. Mmoja alitaka meli. Mwingine alitaka kumlipia babaye deni ambalo hadi dakika ile hakuna aliyejua lipo. Mimi nilitaka nyumba ya wageni kwenye njia panda ya milimani, na nilikwisha kuipa jina.

Tulipokutana tena, refa alituambia kumekucha na sanduku halipo. Hakuna aliyetupa dadu. Hatukuulizwa nani alikuwa zamu ya kulinda, wala hapakuwa na nyayo za kufuata. Nilimtazama yule wa meli akichukua kifutio na kuifuta kwenye karatasi yake, taratibu, bila kugombana na mtu. Tuliendelea kucheza, lakini tangu siku ile hakuna aliyetaja tena meli, deni wala nyumba ya wageni. Tukikuta sanduku tuliandika kilichomo na kupita. Refa alikuwa ameokoa mizania ya mchezo wake, na akabaki na wachezaji wasiotaka kitu chochote. Mchezaji asiyetaka kitu ni mzigo mzito kuliko mchezaji tajiri.

Kabla ya kurudi nyumbani nilinunua kwenye duka la vitabu vya mitumba kitabu chembamba cha kurasa 64: toleo la 1981 la kanuni za mwanzo za mchezo, lililohaririwa na Tom Moldvay. Ndicho ninachokitumia hadi leo, na ndicho kilichonionyesha kwamba hofu ya hazina kubwa ni ngeni kwenye mchezo wenyewe.

Katika kitabu hicho kipande kimoja cha dhahabu kilichofikishwa salama nyumbani ni pointi moja ya uzoefu. Kuua kunalipa kiduchu: goblini mmoja, zimwi dogo, ni pointi 5, tena zigawanywe kwa kundi zima. Mwizi anahitaji pointi 1,200 kufika levo ya pili, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000 na mchawi 2,500. Watu wanne wakigawana sawasawa, kundi linahitaji pointi 10,000 ili yule wa mwisho naye apande. Kwa goblini peke yao ni lazima wauawe 2,000. Hakuna meza yenye subira hiyo, kwa hiyo waandishi walitaka wahusika wachanga wakutane na pesa nyingi, na walitaka wazipate kwa akili kuliko kwa upanga.

Breki waliiweka mahali pengine. Kwanza, dhahabu iliyobaki pangoni haihesabiki mpaka ifike nyumbani. Pili, safari moja haimpandishi mtu zaidi ya levo moja. Mpiganaji wa levo ya kwanza akirudi na dhahabu ya kumfikisha levo ya tatu, ambayo ni pointi 4,000, anasimamishwa kwenye 3,999. Pesa zinabaki zake zote, lakini mwili wake unasubiri. Tatu, na hili ndilo marefa wengi wanaliruka kwa sababu lina hesabu, sarafu zina uzito.

Kundi langu la Dar hukutana Upanga, sebuleni kwa mmoja wetu, Jumamosi jioni. Yupo mhasibu, ambaye mhusika wake ni kasisi; mwalimu wa hisabati wa sekondari, mchawi; fundi wa mafriji, mpiganaji; na mwanafunzi wa chuo, mdogo wa wote, ambaye bila kuulizwa na mtu alichagua mwizi. Mhasibu ndiye anayetunza kumbukumbu za kundi kwenye kaunta buku lenye mistari myekundu aliyoichora mwenyewe.

Juu ya kijiji walichofikia niliweka pango la barafu, na ndani yake joka jeupe. Kwenye kitabu cha 1981 majoka yote, hata jeupe lililo dhaifu kuliko mengine, hulalia hazina ya daraja lilelile moja. Dadu zilikwisha kuamua: dhahabu vipande 20,000, fedha vipande 31,000. Kitabu kinasema pia kwamba joka jeupe lina nafasi ya asilimia 50 ya kukutwa limelala. Kijijini kila mtu aliwaonya wasipande huko. Wakapanda.

Nilitupa dadu za asilimia mbele ya macho yao, zikasema 37. Limelala.

Hakuna aliyegusa upanga. Pumzi ya joka lile inaumiza kwa kiasi cha uhai lilio nao, ambao huwa pointi ishirini na kitu, na mpiganaji wa fundi, mwenye uhai mwingi kuliko wenzake, alikuwa na pointi 7. "Tubebe nini?" mwanafunzi akauliza kwa kunong'ona, kana kwamba joka lilikuwa chini ya kochi.

Swali lile lilichukua sehemu kubwa ya jioni yetu, na sijawahi kuona vita vya dadu vilivyowasisimua watu kiasi kile. Sarafu kumi ni ratili moja. Sarafu 51,000 ni zaidi ya tani mbili. Mtu mmoja anaweza kubeba uzito wa sarafu 1,600 tu, pamoja na nguo, silaha na kamba zake. Akizidisha hapo hasogei. Mhasibu akafungua ukurasa mpya na kuchora safu nne. Mwanafunzi alitaka fedha, kwa hoja kwamba kijijini nani atakuwa na chenji ya dhahabu. Mwalimu akamjibu kwamba kumi za fedha ndiyo dhahabu moja, na kwamba ile fedha yote ni zaidi ya nusu ya uzito wa hazina na chini ya sehemu moja ya saba ya thamani yake.

Wote wawili walikuwa na haki, na historia ya pwani yetu inamuunga mkono mwalimu kwa namna yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia kauri kutoka Zanzibar na mwambao huu wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama pesa. Zikamiminika nyingi mno, thamani ikaporomoka, ikafika mahali kulipa kitu cha maana kulihitaji msafara wa wapagazi, na wapagazi nao wanataka kula. Pesa ambayo gharama ya kuibeba inakaribia thamani yake ni pesa kwa jina tu. Refa anayewapa wachanga sarafu za shaba na fedha elfu nyingi hajawapa utajiri bado. Amewapa tatizo la usafirishaji.

Basi wakaanza kuvua. Fundi aliweka ngao chini. "Ngao ni uzito wa sarafu mia moja," alisema, "na tangu niibebe haijawahi kunilipa." Kamba zikaachwa, nyundo zikaachwa. Nyama kavu fundi akakataa kuiacha, wakabishana naye, akashinda. Mchawi wa mwalimu, ambaye hana deraya wala kitu cha kuacha, ndiye aliyebeba kuliko wote. Jumla, vipande 5,000 vya dhahabu.

Kisha safari ya kutoka. Mhusika asiye na mzigo mkubwa anapita njia ile ya pango, futi 360, kwa nusu saa ya mchezo. Aliyebeba zaidi ya sarafu 800 anatembea futi 30, kama mita tisa, kwa kila dakika kumi. Nusu saa ikawa saa mbili: mienge miwili iungue, na mara sita refa atupe dadu kuona kama kuna kinachopita gizani. Mwalimu alihesabu kwa sauti kwamba nafasi ya kutoka bila kukutana na chochote ni theluthi moja, na akatamani asingehesabu. Mara ya tano dadu ikatoa moja, namba ya kukutana. Mbwamwitu wawili. Nyuma joka, mbele meno, na kila mtu ana magunia mabegani. Mwizi akawarushia ile nyama kavu. Fundi hajatuachia tupumue kuhusu nyama ile mpaka leo.

Walipofika kijijini mhasibu akagawanya: pointi 1,250 kwa kila mmoja. Kasisi alihitaji 1,500, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500. Aliyepanda levo alikuwa mwizi peke yake.

"Kaka," mwanafunzi alimwambia fundi, "kuanzia leo mimi ndiye mkubwa wenu."

Hapo ndipo refa yule wa Wisconsin angeanza kutafuta wezi. Nilichokifanya mimi, na nimekifanya kila mara tangu hapo, ni kujiuliza maswali matatu ya kawaida kabisa ambayo mtu yeyote hapa nyumbani angejiuliza akiona jirani yake amepata ghafla. Nani ameziona? Nani ana chenji? Na zilikuwa za nani?

Wachezaji walitaka baghala wanne, wale chotara wa punda na farasi, wakachukue dhahabu iliyobaki. Kitabu kinasema baghala mmoja anabeba hadi sarafu 4,000. Mwenye baghala kijijini alikuwa bibi mmoja, na sauti yake nilikuwa nayo mimi. Mwanafunzi akamwekea dhahabu mezani. Bibi akaigeuza, akaona sura ya mfalme ambaye ukoo wake ulikwisha miaka mia moja iliyopita.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Shikamoo bibi. Ni urithi."

"Marahaba. Urithi wa nani? Ninyi si mlikuja juzi hapa, hata pa kulala mlipewa bure."

Kimya.

"Na baghala wanne wa nini? Huo urithi bado uko njiani?"

Wengine watatu walikuwa wanacheka hadi machozi, mwanafunzi hana pa kutokea, na jioni ile kijiji kizima kilijua. Sikuwapokonya hata kipande kimoja. Nilimpa bibi mmoja macho na kumbukumbu tu.

Kilichofuata kilikuja chenyewe. Jumbe wa kijiji akataka fungu lake kwa kuwa mlima uko kwenye ardhi yake. Familia tatu zikaja na madai kwamba babu zao walitozwa na joka lile, na moja kati yao ilikuwa na orodha. Mwenye nyumba ya wageni alikataa kupokea dhahabu kwa sababu hana chenji, akaanza kuwakopesha chakula, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze, matajiri wangu wakawa na madeni. Wageni wenye silaha nzuri wakaanza kuonekana barabarani. Bei ya mayai ikapanda. Hilo la mayai si langu: katika kitabu chake cha wachezaji cha 1978, Gygax anaeleza bei za ajabu za mchezo wake kwa kukumbusha miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako yai moja liliuzwa dola nzima.

Nikawauliza wanarudi pangoni lini. Wakatazamana. Kundi lilikuwa limegawanyika, na ubishi ule ulikuwa wa watu wazima wanaozungumza pesa: fundi anataka kwenda usiku uleule, mwalimu anazungumzia asilimia 50, mwanafunzi anamwogopa bibi wa baghala kuliko joka. Mwishoni mhasibu akafunga kaunta buku. "Jamani, hizi tulizo nazo hatuna pa kuziweka. Zile kule zina mlinzi. Kwa nini tuzitoe?"

"Kwa hiyo joka ndiyo benki yetu," fundi akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Wahusika wa levo ya kwanza, watatu kati yao, wakageuka walinzi wa joka. Walieneza uvumi kwamba pango limeporomoka. Waliwapoteza wageni wenye silaha kwa kuwaelekeza bonde jingine. Mwizi akaajiriwa na wenzake kuwapeleleza wanaopanda mlimani. Mimi nilikuwa nimeandaa mashimo mawili na mnara wa mchawi mbaya, na vyote vikakaa kabatini kwa muda mrefu, kwa sababu wachezaji walikuwa na shughuli zao na shughuli hizo zilizaliwa na dhahabu ambayo hawakuweza hata kuigusa.

Ni katika ubishi wa namna hiyo ndipo fundi alipomtaja Saniniu Laizer. Mtanzania hahitaji kukumbushwa: Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, wilaya ya Simanjiro, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Machimbo yenyewe yamezungukwa na ukuta wa zaidi ya kilomita 24 uliozinduliwa mwaka 2018, kwa sababu kito ni hazina nyepesi, hupita mfukoni. Rais alimpigia simu hadharani. Nchi nzima ilimjua siku moja. Laizer mwenyewe alisema atajenga shule na kituo cha biashara kwao.

Hoja ya fundi ilikuwa kwamba tumekosea kuficha. "Yeye alijulikana, akataja shule. Sisi tumejulikana, tumetaja nini?" Kundi likabadili njia. Wakalipa madai ya zile familia tatu, wakampa jumbe fungu lake mbele ya mashahidi, wakachimbisha kisima na kuajiri vijana wa kijiji kulinda njia ya mlimani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini mezani kwangu kutoa kuligeuka pia kuwa ulinzi bora kuliko kufuli yoyote. Genge la majambazi lilipokuja kuwatafuta, lilikutana na kijiji kizima chenye kisima cha kulinda. Ile dhahabu 5,000 ilikwisha karibu yote bila mimi kutuma mwizi hata mmoja, na kila kipande kimeandikwa kwenye kaunta buku kimeenda wapi.

Arneson alikwisha kuliona jambo hili mapema. Katika kampeni yake, aliyoichapisha mwaka 1977, mhusika alipata pointi za uzoefu kwa kuitumia hazina kwenye kile anachokipenda: dini yake, hata starehe zake. Kuipata tu hakukutosha. Refa ambaye anaona pesa zinalala kwenye karatasi za wachezaji anaweza kuiazima kanuni hiyo leo, nami nimeiazima. Pesa zinaanza kutembea, na zikitembea zinakutana na watu.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni ya vitabu vya zamani. Kwenye toleo la 2014, ambalo vijana wengi wamelicheza, dhahabu haimpandishi mtu levo, na deraya kamili ya chuma inauzwa vipande 1,500. Je, mchanga akiinunua mapema mchezo hauharibiki? Tuihesabu hofu hiyo. Mpiganaji wa levo ya kwanza mwenye deraya ya minyororo na ngao ana kinga 18, namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate. Goblini wa toleo hilo anaongeza 4 kwenye dadu yake ya pande ishirini, kwa hiyo anampata kwa asilimia 35. Akivaa ile ya vipande 1,500, kinga inakuwa 20 na goblini anampata kwa asilimia 25. Utajiri wote ule umenunua asilimia kumi. Uhai wake ni uleule, na ogre, zimwi kubwa, bado anaweza kumlaza kwa pigo moja zuri.

Kinachovuruga meza kipo upande mwingine, kwenye vitu vinavyofanya kazi badala ya mwenyewe. Fimbo ya mipira ya moto inarusha dadu nane za pande sita, wastani 28, wakati goblini wa toleo hilo ana uhai 7. Vazi la kuruka linafuta kila ukuta na kila mto uliouchora. Vitu hivyo refa avitoe kwa kipimo. Dhahabu ni ahadi tu, na ahadi inahitaji mtu wa kuitimiza. Dawa ya uponyaji ni vipande 50, kwa hiyo 1,500 ni chupa 30, na chupa 30 zingebadili mchezo kweli. Lakini ni duka gani la kijijini lenye chupa 30? Lina tatu, na ya nne imeshikwa kwa ajili ya mkwe wa mwenye duka. Wachezaji wakitaka zaidi watamtafuta mtengenezaji, watasafiri, wataagiza, watasubiri. Hayo yote ni mchezo.

Nikiombwa ushauri na refa mpya, kwa kawaida namwambia ajiandae kabla ya kutupa dadu ya hazina. Ajue sarafu zile zilipigwa wapi na ziliibiwa kwa nani, maana hazina isiyo na historia haimtoi mtu nyumbani kuja kuidai. Ajue uzito wake na urefu wa njia ya kurudi. Amjue mtu mmoja kijijini mwenye macho makali na mdomo mwepesi. Na kama anataka wezi waje, basi waje kwa haki: waonekane sokoni siku moja kabla, dadu itupwe mbele ya watu, zamu ya ulinzi iulizwe, nyayo ziwepo. Mchezaji aliyeibiwa namna hiyo anapata adui wa kumfuata. Mimi kule Wisconsin ningemfuata mwizi yule hadi mwisho wa ramani, kama angekuwepo.

Asichoke pia kusikiliza mipango. Mchezaji anaposema anataka meli, amemwambia refa wake safari zijazo ziwe za baharini. Anayetaka kumlipia babaye deni amemzalia refa mhusika mpya, yule mdai, pamoja na ukoo wake wote. Watunzi wanatumia kurasa nyingi kutafuta nini kitamsukuma mtu. Hapa mtu amekitaja mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu tu ameshika pesa kwa mara ya kwanza.

Wahusika wa Upanga leo wako levo ya tatu. Mkononi hawana hata vipande mia, mlimani wana 15,000 wasizoweza kuzichukua, na kijiji kizima ama kinawadai ama kinadaiwa nao. Hivi karibuni mhasibu alianza kaunta buku jipya, kwa sababu la kwanza limejaa majina ya watu.